Wasomaji wa Shangazi

Shangazi yangu ana ulimi, na aliyempa ulimi huo alisahau kumpa kifuniko. Naanza na hilo ili usije ukamhurumia mapema. Duka letu la mapazia lina miaka thelathini na moja, na miaka yote hiyo amewatukana wateja mmoja mmoja, ana kwa ana, jambo ambalo duka linaweza kulivumilia. Kisha akatokea mtu akamfundisha kuandika blogu. Mtu huyo ni mimi.

Nilikuwa nimejitengenezea tovuti ya duka kwa vile vifaa vya bure vya mtandaoni. Niliweka picha za vitambaa, namba ya simu, na ukurasa wa blogu ambao sikujua niujaze nini. Nikampa Shangazi, nikidhani ataeleza namna ya kufua neti. Kweli, makala mbili za kwanza zilikuwa za kufua neti. Ya tatu ilimhusu mama mmoja aliyenunua mapazia mazito ya chumbani "kwa sababu mumewe halali nyumbani, na hataki majirani waone kitanda kilichovurugika upande mmoja tu." Hakumtaja jina. Alitaja rangi ya kitambaa, na yule mama alikuwa ameshakitundika kwenye dirisha linalotazama barabarani.

Blogu yenyewe aliiita Futi Haidanganyi. Kila asubuhi, akishakunywa chai, aliingia chumba cha nyuma ya duka, akavaa miwani, akaandika kwa vidole viwili hadi saa nne. Siku aliyomwandika Mwalimu Mkuu nilikuwa kwenye cherehani, namsikia anacheka peke yake. Aliandika kwamba mwalimu huyo alichagua mahameli kwa dirisha la ofisi yake, na kwa madirisha sabini na mawili ya bweni akachagua kitambaa cha kuchujia chai. Kesho yake ikaja barua ya kufuta oda yote. Vitambaa tulikuwa tumeshakata.

"Nimesema uongo?" Shangazi akaniuliza.

"Hujasema uongo. Umesema kwenye tovuti ya duka."

"Basi kosa ni la tovuti."

Nikabadilisha nenosiri. Nilitegemea matusi, maana matusi yake nayajua na nina ngozi yake, lakini hakutukana. Siku tatu alikaa mbele ya kompyuta iliyozimwa, miwani usoni, mikono mapajani. Nikimpelekea chai ananiambia, "Wasomaji wangu watadhani nimekufa." Siku ya nne hakutoka kitandani. Daktari alikuja akampima presha, akaikuta sawa, akaniuliza pembeni kama kuna jambo hapa nyumbani.

Ana miaka sitini na mitatu. Ameachwa mara moja na kufiwa na mume mara moja, na husema kuachwa kulikuwa na nafuu kubwa zaidi. Mtoto hana. Ana mimi, mtoto wa kaka yake, niliyeletwa kwake nikiwa na miaka tisa na mfuko mmoja wa nguo. Na alikuwa na wale wasomaji. Kwa hesabu yangu walikuwa kumi na tisa, na wengi wao ni wateja waliotukanwa, wanaofungua kuona kama wametukanwa tena. Yeye aliwaita "watu wangu". Kwa hiyo nilikuwa njia panda: nikimwachia blogu duka linakufa, nikimnyang'anya anakufa yeye.

Ndipo nikaweka tangazo kwenye ule mtandao wa mafundi wanaojitegemea. Niliandika: anatafutwa fundi wa kurekebisha tovuti ya duka dogo pamoja na blogu yake, awe makini, awe msiri. Walijibu kumi na mmoja. Mmoja alituma picha yake akiwa amevaa suti. Mwingine alishatuma mchoro wa tovuti wenye rangi mpya kabla hajauliza tunauza nini. Mwanamke mmoja aliandika mstari mmoja tu: "Nifiche nini, na nimfiche nani?" Nikamchukua huyo.

Alikuja na begi la kompyuta na chupa ya maji. Alikuwa mnene, mtulivu, wa miaka arobaini na kitu, aliyewahi kuwa mpiga chapa mahakamani kabla ya kujifunza mambo ya tovuti. Nilimwita Fundi, naye hakuomba aitwe jina jingine.

"Mwenye blogu yuko wapi?" akauliza.

"Amelala chumbani."

"Anajua nimekuja?"

"Anajua umekuja kuipamba."

Nikamweleza ninachotaka. Shangazi aendelee kuandika kama kawaida, aone makala zake zimetoka, aone na tarehe, lakini asizisome mtu mwingine yeyote duniani. Fundi alisikiliza bila kukunja uso. Akafungua tovuti yangu, akaipekua, akaguna pale mahali pa kuguna, maana niliijenga vibaya.

"Inawezekana," akasema. "Akiingia kwa jina lake ataona blogu yake yote. Mtu mwingine akibofya palepale atakuta maelekezo ya kupima dirisha. Anatumia simu gani?"

"Ya vitufe."

"Basi una bahati."

Alifanya kazi siku nne, na sitamsema vibaya, kazi aliijua. Tovuti ilipata sura. Aliweka sehemu ambayo mteja anaandika upana na urefu wa dirisha, nayo inamwambia anahitaji mita ngapi pamoja na mikunjo. Chini kabisa ya ukurasa aliweka jina lake kwa herufi ndogo, kama wanavyofanya mafundi wote wa kazi hiyo, ili anayependa alichokiona amtafute. Siku ya mwisho alifunga begi lake halafu hakusimama.

"Kuna kitu sikuweza kukutengenezea," akasema. "Watu. Atakaa wiki moja, wiki mbili, hajibiwi na mtu. Mtu mzima ukimya anaujua."

"Nitamjibu mimi."

Akaniangalia. "Nimepiga chapa kesi za watu miaka kumi na miwili, dada. Huo mchezo nimeshaukuta mle."

"Nifungulie majina manne."

Akanifungulia.

Wa kwanza nilimwita Mama Pacha, mwenye watoto wawili wanaoning'inia kwenye mapazia. Wa pili Bibi Harusi, mchumba wa mtu kwa mwaka wa tano sasa. Wa tatu Nahodha, mzee aliyekuwa nahodha wa timu ya mpira ya shule na hajapata cheo kingine tangu hapo. Wa nne alikuwa Mstaafu, mpima ardhi wa zamani, mjane, mwenye adabu, asiyekosea nukta wala mkato. Huyu nilimwandika kwa raha zaidi.

Shangazi alifufuka. Siku ya kwanza ya blogu mpya aliniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku ya Mwalimu Mkuu.

"Njoo uone! Umeona? Wameongezeka!"

Nikainama begani kwake nikasoma maneno yangu mwenyewe. "Lo," nikasema, "kumbe unapendwa hivi?"

Nilimvisha kilemba cha ukoka, naye akakivaa akakizungusha kichwani. Alianza kuchana nywele kabla ya kukaa kwenye kompyuta. Alianza kununua manukato. Nilimvunjia Bibi Harusi uchumba mara tatu, ili tu nione Shangazi akihangaika, na mara zote tatu alimwandikia ushauri mrefu kuliko suruali ya mlinzi. Niliupiga picha nikamtumia Fundi tucheke. Fundi alijibu neno moja, "Nimeona."

Usidhani nilikuwa nacheza tu. Nilifanya kazi pia. Miaka ishirini na mitano nimemwomba Shangazi asiwaambie wateja kwamba madirisha yao ni madogo kwa sababu maisha yao ni madogo. Mstaafu alimwomba mara moja tu. Aliandika kwamba mwanamke mwenye kipaji kama chake hapaswi kujichosha na wateja, kazi hiyo amwachie mpwa wake. Shangazi akaniachia. Akatoka duka la mbele, akafunga mlango wa kati taratibu, na hakurudi kumgombeza mtu. Nilisimama pale kaunta na futi yangu shingoni nikiwa bosi. Nilifurahi sana, na nilikereka sana. Mzee ambaye hayupo duniani alikuwa amesikilizwa kuliko mimi niliyepika, niliyefua, niliyemwamkia kila asubuhi ya Mungu nikapewa "marahaba" iliyokatwa mkia.

Kisha akataka kuonana naye. Mstaafu akajibu kwamba magoti yamemgomea. Shangazi akasema basi atamshonea pazia, ampe vipimo vya dirisha la chumbani kwake. Hapo nilikwama, maana mpima ardhi hawezi kukosa vipimo. Nikachukua futi nikapima dirisha langu, nikampa vipimo hivyo. Angelitambua dirisha hilo kama angewahi kuingia chumbani kwangu. Alilishona pazia wiki tatu. Pindo alilishona kwa mkono, mshono mdogo kama punje ya mchele, kazi ambayo hajawahi kumshonea mteja yeyote, wala mimi. Alilituma kwa sanduku la posta nililomkodia Mstaafu; nikaenda kulichukua na kulificha chini ya kitanda. Kulitundika nisingeweza, na kulitupa nilishindwa.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipojichimbia. Ningeweza kuendelea hivyo miaka. Mlango wa kati ulikuwa umefungwa, wateja wamerudi, hata Mwalimu Mkuu alikuwa amepita mara moja kuuliza bei. Lakini pazia lile liliniwasha. Asubuhi moja, nikiwa kaunta, nikaandika kwa simu, kwa mkono wa Mstaafu, ujumbe wa faragha: "Hujawahi kutusimulia juu ya huyo mpwa wako. Nahisi ni mtu muhimu kwako."

Nilitaka nisifiwe. Ndiyo hivyo tu. Nilitaka mara moja aandike kitu kizuri na mimi nikisome.

Akaingia mteja, mwanamke mwenye haraka, anataka kitambaa cha sebuleni. Nikampa ncha moja ya futi aishike. Nyuma ya mlango nilisikia vidole viwili vikianza kugonga vitufe. Viligonga muda mrefu, bila kusita. Simu ikatetemeka mfukoni, nikaitoa nikasoma pale pale, chaki mkononi.

"Kwa kuwa wewe hutamjua, nitakwambia. Ni mchapakazi, si mwizi, si mhuni. Nilimchukua kwa sababu kaka yangu alikufa na hakuna ndugu mwingine aliyefungua mlango. Nikangoja nimpende. Waliniambia mtoto ukimlisha utampenda tu. Nilimlisha. Sijui kasoro ni yangu au ni yake, lakini tumeishi miaka yote hii kama watu wawili wanaongoja zamu kwenye benchi moja. Hajawahi kuniuliza nimelalaje akasubiri jibu. Ninyi mnaniuliza kila siku. Mungu anisamehe, mzee wangu, lakini watu wangu ni ninyi."

"Dada," mteja akasema, "mita ngapi?"

Nilimkatia kitambaa pungufu kwa shubiri nzima. Aligundua kesho yake, akaja kunifokea, akawa na haki. Iliniuma. Sina namna nyingine ya kulisema hilo. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba aliyemuuliza kila siku amelalaje, akasubiri jibu, ni mimi.

Siku ya tatu nikamuua Mstaafu.

Nilimtuma Mama Pacha alete habari. Nilimfanya aandike asubuhi, saa ambayo Shangazi ndiyo kwanza amekaa: "Shangazi, sijui niseme vipi. Binti yake Mstaafu amenipigia. Mzee alianguka juzi, amezikwa jana. Alikuwa akikutaja." Nilihakikisha ameshazikwa, ili pasiwe na msiba wa kwenda. Kisha nikakaa kaunta nikakunja mikono. Nilikuwa nimejipanga kufurahi.

Vidole havikugonga. Kiti kikaburuzwa. Mlango wa kati ulifunguka, na Shangazi akatoka na miwani yake mkononi, anatembea huku anashika rafu moja baada ya nyingine, kama mtu aliyeshuka kwenye safari ndefu. Alinipita mimi na kaunta, akazunguka, akaja upande wangu.

"Nimefiwa, mwanangu," akasema.

Neno hilo hakuwahi kuniita. Aliniita wewe, na akikasirika aliniita mtoto wa kaka. Akaniwekea kichwa begani. Miaka ishirini na mitano sikujua kwamba kichwa chake ni chepesi, wala kwamba nywele zake zinanuka chaki na mafuta ya cherehani. Alilia bila sauti, mabega tu yanapanda na kushuka, na mikono yake ikanishika kwa nyuma ikakaza. Sikujua mikono yangu niiweke wapi. Mwisho nikaiweka.

"Pole, Shangazi."

"Ungemjua ungempenda."

"Alikuwa mtu wa namna gani?" nikauliza. Na nikasubiri jibu.

Alinieleza hadi adhuhuri. Tuligeuza kibao cha mlangoni kikaonyesha tumefunga. Alinisimulia upole wake, lugha yake safi, alivyojua kusikiliza. Nilitikisa kichwa nikisema kweli, kweli, na nilipoona machozi yanataka kukauka niliuliza swali jingine. Sikutaka anyamaze. Naomba ulielewe hilo hata kama huwezi kunisamehe.

Tuliishi siku kumi na moja ambazo sijawahi kuishi. Tulikula sahani moja. Asubuhi aliniuliza nimelalaje. Jioni alinishika mkono kwenye kochi, akasema tumebaki wawili, na siku moja akanirekebishia kola ya blauzi bila hata kufikiri, kama mama anavyofanya akiwa anaongea jambo jingine. Niliwaza kumwambia ukweli wote. Niliwaza kwa muda mfupi sana.

Lakini rambirambi nazo zilibidi zije, angeshangaa zisipokuja. Bibi Harusi akaandika, Mama Pacha akaandika, Nahodha akamwandikia maneno ya kiume ya kutia moyo. Walimfariji vizuri mno. Siku ya kumi na mbili alikunywa chai yake akiwa amesimama, akachana nywele, akaingia chumba cha nyuma.

"Umelalaje, Shangazi?" nikamuuliza nikiwa nimesimama mlangoni. Nikasubiri.

"Nimelala," akasema, "funga mlango, kuna upepo."

Nikaufunga.

Nikamwandikia Fundi, nikamwomba anifungulie majina mengine, matatu au manne, wazee wazee. Yeye ndiye anayeiangalia tovuti kila mwezi, kwa hiyo alikuwa amesoma yote. Majibu yake yalichelewa siku nzima. "Mapazia nitaendelea kukusaidia hadi utakapopata fundi mwingine," aliandika. "Majina siongezi. Na tafadhali, nimetoa jina langu pale chini ya ukurasa. Usilirudishe." Nilifungua tovuti nikaangalia. Pale chini palikuwa peupe.

Kwa hiyo ninao waliopo tu. Mama Pacha nilimuua mwezi uliofuata, kwa homa. Pacha niliwaacha hai, kwa sababu mama wa yatima huliliwa muda mrefu zaidi. Shangazi alinikumbatia pale pale kaunta hadi mkono wangu ukafa ganzi, na sikuuondoa. Safari hii tulipata siku kumi na nne.

Wamebaki wawili. Bibi Harusi bado ni msichana, itabidi iwe ajali, na ajali inataka kufikiriwa. Nahodha ana umri. Jana asubuhi Shangazi alimuuliza habari za nyumbani, naye akajibu kwamba ni njema tu, isipokuwa kikohozi.